Waksi haifuti mikwaruzo, jamani

Leo asubuhi tena. Jamaa kanipigia, ana Harrier nyeusi, ananiambia fundi boneti imejaa utando wa buibui, ile mikwaruzo myembamba, ukiiangalia juani, we njoo tu na ile waksi yako nzuri unipake mara moja iondoke. Ni wa tatu wiki hii. Kwa hiyo naandika hapa, anayefuata namtumia linki.

Mkwaruzo ni mtaro. Sio uchafu useme utafutika, ni klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi inayolinda rangi yenyewe, ambayo haipo tena, ilishaondoka na dodoki la yule dogo anayeosha magari ishirini kwa ndoo moja. Sasa kitu ambacho hakipo utakiondoaje? Unachofanya ni kuishusha klia yote ya pembeni mpaka ilingane na chini ya mtaro, hiyo ndo polishi, na ndo maana inachukua siku nzima na mgongo unauma. Waksi inajaza mtaro tu, mwanga unaacha kugonga kingo zake, gari inang'aa, unalipa, unaondoka unapiga honi, ukiosha mara mbili tatu buibui wako kesharudi.

Na hapa wenzangu tunadanganya watu. Zipo polishi zina mafuta na vijazio kibao, fundi anapitisha mashine dakika kumi boneti nzima inakuwa kioo, kumbe hajakata kitu. Dawa yake ni ndogo: mwambie achanganye alkoholi na maji, afute pale alipomaliza, halafu mulika tochi. Akianza maneno mengi ujue.

Dawa ya meno? Ina chembe za kusugua kwa hiyo kweli inakwangua kidogo, ila haikutengenezewa gari. Tuendelee.

Kingine kinachonichosha ni hili la "usifute kwa kuzungusha, ndo maana mikwaruzo inakuwa ya duara". Hapana! Mikwaruzo yako haina duara lolote, imeenda kila upande kama barabara za uswahilini, ila taa inapogonga unaiona ile tu iliyokaa ubavu kwa mwanga, iliyobaki haionekani, ndo jicho linaunganisha duara kuzunguka taa. Hamisha tochi uone, duara nalo linahama! Kwani mkwaruzo una miguu? Kufuta kwa mstari ulionyooka kuna faida yake, mikwaruzo ikilala upande mmoja inaonekana ukisimama pembe fulani tu, lakini bado umekwaruza. Kitambaa kina mchanga, mchanga haujali unaelekea wapi. Anayeua rangi kuliko wote ni mlinzi anayefuta vumbi kavu kila asubuhi, tena kwa upendo kabisa.

Basi watu wakishaelewa polishi inakata wanataka kila mwezi. Jamani klia ya kiwandani ni kama mikroni 40 au 50, mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu, unywele wako ni kama 70. Polishi nyepesi na pedi laini, ile sponji ya mashine, inakula moja au mbili, kompaundi kali, yaani polishi ya kukata sana, na pedi ya sufi inakula zaidi, na hairudi. Ikiisha ni kupiga rangi upya, hamna ujanja.

Na nikiri kitu. Kipimo changu kinasoma unene wa rangi yote kuanzia bati, kwa mikroni, hakiniambii klia imebaki ngapi. Nikisoma 110 najua kwa jumla ni ya kiwandani, nikisoma zaidi ya 200 najua ishapigwa rangi, lakini hiyo 110 kule Japani waliipolishi mara ngapi kabla haijapanda meli? Hapo nakisia. Bampa la plastiki ndo kipimo hakisomi kabisa, naenda kwa mkono na dua. Nishawahi kutoboa klia kwenye ukingo wa boneti ya mteja, kingoni huwa nyembamba, nikalipia rangi mwenyewe. Tangu siku hiyo kingo zote nabandika tepu.

Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, usiniombe niumalize. Ntaupunguza kingo zake zising'ae sana, basi.

Sasa bosi wa Harrier, fungua boneti usome kile kibati, kama namba ya rangi ni 202 pole sana, ile nyeusi ni laini mno, hata taulo safi inaacha alama, na ukitumia pedi kali unaondoa mikwaruzo unaacha mawingu, yaani ukungu juu ya rangi. Naanza na pedi laini kabisa na polishi nyepesi kipande kidogo pembeni, namulika, isipotosha ndo napanda kwenye kali zaidi. Kuna siku dawa ileile pedi ileile inakubali mlangoni inakataa kwenye boneti ya gari hiyohiyo, na sina maelezo, nabadilisha pedi tu. Waksi yako ntaipaka, ila mwisho, jioni, na uje na ndoo mbili nikuonyeshe kuosha.