Redio ya ridhaa na kompyuta: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Tangu Joe Taylor na Steve Franke walipoitoa FT8, njia ya kurushiana ujumbe mfupi wa kidijiti kwa kutumia kompyuta, mwaka 2017, waendeshaji wengi wa redio za ridhaa, yaani wale wenye leseni wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu na si kwa biashara, wameunganisha redio zao na kompyuta, na kitufe cha kurushia mawimbi, ambacho zamani kilikuwa mkononi mwa mtu peke yake, sasa kinabonyezwa pia na programu. Dhana nyingi potofu kuhusu usalama wa mfumo huu zinatokana na kulisahau jambo hilo.

Iliyoenea kuliko zote ni kwamba FT8, kwa kuwa husomeka hata ikiwa hafifu mno, haiichoshi redio. Ukweli ni kinyume. Mtu anayezungumza kwa SSB, njia ya kawaida ya kurusha sauti ya mtu, huvuta pumzi, hutua, hupandisha na kushusha sauti, hivyo redio ya wati 100 hufikia kilele chake kwa vipindi vifupi tu. FT8 hurusha mlio wenye nguvu ileile kwa sekunde 12.64 katika kila zamu ya sekunde 15, na anayeita CQ, yaani anayemtafuta yeyote wa kuwasiliana naye, hurusha zamu moja, akasikiliza inayofuata, kisha akarusha tena, pengine kwa saa nzima. Transista za mwisho, zile zinazokuza nguvu ya mawimbi kabla hayajaenda kwenye antena, hupata joto zaidi ya lile la mazungumzo ya kawaida. Kama kitabu cha maelezo hakisemi wazi kwamba redio imeundwa kurusha mfululizo kwa nguvu kamili, punguza hadi wati 30 au 50. Hutapoteza mengi, kwa sababu kushuka kutoka wati 100 hadi 50 ni desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa anayekusikiliza.

Wengine huamini kwamba mshale wa ALC, kidhibiti cha redio kinachoibana sauti iliyozidi, ukipanda sana ndiyo mawimbi yanakwenda mbali. Mshale huo unaonyesha kwamba sauti inayotoka kwenye kompyuta imezidi na redio inaibana. Sauti iliyozidi hujizalia nakala: mlio wa hezi 700 unaweza kutokea pia kwenye 1400 na 2100, ukawaharibia wengine waliomo kwenye masafa yaleyale ya 14.074 MHz. Ndiyo maana WSJT-X, programu ya kompyuta inayotumika kurusha FT8, ina mpangilio wa Split, unaouweka mlio kati ya hezi 1500 na 2000 ili nakala zake ziangukie nje ya kichujio cha redio. Hata hivyo, dawa ya kwanza ni kushusha sauti mpaka mshale utulie, au utikisike kidogo tu.

Dhana inayonitia wasiwasi zaidi ni ile isemayo kwamba waya wa USB hupitisha data tu. Ganda la waya huo kwa kawaida limeungana na upande hasi wa umeme wa redio. Redio kama IC-7300 huvuta hadi ampea 21 kwenye volti 13.8 inaporusha kwa nguvu kamili, na waya wake mnene wa upande hasi ukilegea, umeme huo hutafuta njia nyingine ya kurudi: unaweza kupita kwenye waya mwembamba wa USB, ukaingia kwenye kompyuta ya mezani na kutokea kwenye ethi yake, yaani waya wake wa kwenda ardhini. Kaza viungio, weka fyuzi sahihi, na uunganishe maganda ya vifaa vyote kwenye ethi moja kwa nyaya fupi na nene.

Waya huohuo hunasa mawimbi ya redio. Kompyuta inayoganda au kupoteza USB kila unaporusha mara nyingi haina virusi wala ubovu; mawimbi yanarudi chumbani kupitia nje ya ganda la waya wa antena. Kuzungusha waya wa USB mara kadhaa kwenye pete ya feraiti aina ya 31, inayoyazuia mawimbi yasipite juu ya waya, husaidia, lakini tiba ya kudumu huanzia kwenye antena yenyewe, kwa kuweka baluni nzuri (kifaa kinachozuia mawimbi yasirudi kwa nje ya waya wa antena) mahali waya unapoungana nayo.

Je, programu haitajizima yenyewe? WSJT-X huacha kurusha baada ya dakika 6 kama mwendeshaji hajagusa kitu, huo ukiwa mpangilio wake wa awali. Lakini ulinzi huo unaishi ndani ya kompyuta, na kompyuta ikiganda, nao umeganda, huku redio ikiendelea kurusha. Washa kikomo cha muda kilichomo kwenye redio yenyewe, kama kipo, na usiondoke chumbani. Tena, kompyuta inapowaka inaweza kuzigusa RTS na DTR, ishara za waya wa kompyuta zinazoweza kutumika kuiamuru redio irushe, na kuirushisha redio bila amri yako. Basi washa kompyuta kwanza, redio baadaye. Atakayeulizwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini Tanzania, au na Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya, ni mwenye leseni.

Kuhusu radi, kuzima swichi hakutoshi. Wakati wa masika na vuli, chomoa mapema antena, umeme, USB na waya wa mtandao, kwa kuwa redio iliyochomolewa antena bado inaweza kuunguzwa kupitia kompyuta. Wingu likishaanza kunguruma, usiziguse nyaya hizo.