Lokauti: wenye timu wanapofunga geti

Desemba 2, 2021, mtu aliyefungua tovuti ya MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, kumtafuta mchezaji wake alikuta kivuli. Jina lilikuwepo na takwimu zilikuwepo, ila pale penye sura palikuwa na umbo la kijivu la kichwa na mabega, kama la mtu ambaye hajaweka picha WhatsApp. Wachezaji wote walikuwa hivyo. Ligi ilisema ni sababu za kisheria. Baadhi ya wachezaji wakaugeuza utani, wakaweka kivuli hicho hicho kwenye akaunti zao wenyewe.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mkataba wa zamani ulikuwa umeisha, na wamiliki wa timu zote 30 wakapiga lokauti. Watu wengi waliposikia habari walisema lile lile: wachezaji wamegoma tena, hawashibi hawa. Hakuna mchezaji aliyekuwa amegoma. Ndiyo maana neno hili linastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ukilikosea jina tayari umeshamchagua wa kumlaumu.

Mgomo tunaujua: mfanyakazi anaacha kazi hadi asikilizwe. Lokauti ni upande wa pili. Mwajiri ndiye anayefunga geti, anawaambia wafanyakazi wasije na anasimamisha malipo, akingoja wakubali masharti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inazitaja haki hizi mbili kwa pamoja, ya mwajiriwa kugoma na ya mwajiri kufungia nje wafanyakazi. Kenya nayo imeziweka pamoja kwenye sheria yake ya mwaka 2007. Lakini waulize watu kumi mtaani, mgomo watakueleza wote. Kufungia nje watakuuliza ni kufungia nini.

Kwenye besiboli geti linalofungwa si la uwanja tu. Lokauti ikianza, mchezaji hawezi kusajiliwa wala kuuzwa timu nyingine. Haruhusiwi kutumia gimu ya klabu. Kocha wake hatakiwi kuzungumza naye. Aliyefanyiwa upasuaji wa bega haendi kwa daktari wa timu, anajitafutia mwenyewe. Na hayo yote yanatokea katikati ya majira ya baridi, wakati hakuna mechi hata moja.

Wakati huo haukuchaguliwa kwa bahati. Mchezaji wa besiboli hulipwa katika miezi ya msimu, Aprili hadi Septemba. Mwenye timu huingiza mwaka mzima, lakini fedha nono za televisheni zipo Oktoba, kwenye mechi za mtoano na fainali yake, World Series. Mchezaji akitaka kumbana mwenye timu atagoma Agosti: mshahara mwingi ameshauchukua, na tajiri bado anaisubiri Oktoba yake. Mwenye timu akitaka kumbana mchezaji atafunga Desemba, kwa kuwa viwanja ni vitupu na yeye hapotezi kiingilio, huku kila siku inayosogea kuelekea Machi ikimkosesha usingizi kijana ambaye bado hana mkataba.

Ndiyo maana historia inaonekana jinsi inavyoonekana. Kati ya 1972 na 2022 kazi ilisimama mara tisa: migomo mitano na lokauti nne. Mechi za msimu zilizopotea, zote zilipotea kwenye migomo. Lokauti ya 1990 ilidumu siku 32 na kuumeza muda wa mazoezi, msimu ukachelewa wiki moja, lakini timu zikacheza mechi zao 162. Ile ya 2021 ilidumu siku 99, na mechi 162 zikapatikana vilevile. Ukiishia kwenye takwimu hizo utaondoka ukidhani wenye timu ni watu wapole sana.

Kabla hujawapa sifa hiyo, turudi nyuma kidogo. Kwa karibu miaka mia mikataba ya besiboli ilikuwa na kifungu kilichomruhusu mwenye timu kumbakiza mchezaji mwaka hadi mwaka, apende asipende. Mchezaji aliweza kuuzwa, ila hakuweza kuondoka. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema sheria za kuzuia ukiritimba haziihusu besiboli, na kinga hiyo ikabaki. Mwaka 1966 wachezaji walimleta Marvin Miller, mchumi aliyetoka chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, akaongoza chama chao. Miaka miwili baadaye walipata mkataba wa hali bora wa kwanza, na kima cha chini kikapanda kutoka dola 6,000 kwa mwaka hadi 10,000.

Kisha akaja Curt Flood. Alikuwa ameichezea St. Louis Cardinals misimu 12, akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, fedha nzuri kwa wakati ule. Oktoba 1969 aliambiwa ameuzwa Philadelphia. Mkesha wa Krismasi alimwandikia barua kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, akisema hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Flood alikuwa mtu mweusi, na aliyaandika hayo mwaka mmoja na miezi kadhaa tu baada ya Martin Luther King kuuawa. Hakuhitaji kufafanua zaidi. Alikwenda mahakamani na mwaka 1972 akashindwa, kura tano kwa tatu. Kipaji chake kiliishia kwenye kesi hiyo. Mlango aliougonga ulifunguliwa Desemba 1975, pale msuluhishi wa migogoro ya kazi, Peter Seitz, alipoamua kwamba warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, ni wachezaji huru. Wapenzi wa soka wanaijua hukumu ya Bosman, iliyomruhusu mchezaji aliyemaliza mkataba kuondoka bure. Hii ni ndugu yake, ila ilitangulia kwa miaka 20.

Tangu hapo ugomvi umekuwa juu ya jambo moja lenye sura nyingi: uhuru huo uanze lini, na uwe na bei gani.

Shabiki anaingia wapi? Hapa watu hupenda kuitaja methali ya tembo na nyasi. Mimi naiona haitoshi, maana nyasi hazilipi kiingilio.

Angalia 1972. Wachezaji waligoma siku 13 kwa ajili ya pensheni, na mechi 86 zilizopotea hazikurudiwa. Basi timu zikamaliza msimu zikiwa na idadi tofauti za mechi. Detroit Tigers walishinda 86 wakafungwa 70. Boston Red Sox walishinda 85 wakafungwa 70 hizo hizo, ila wao walikuwa na mechi moja pungufu. Ubingwa wa kundi ukaenda Detroit. Hebu mweleze mtu wa Boston kwamba yale yalikuwa mambo ya pensheni.

Mwaka 1981 ulikuwa wa ajabu zaidi. Mgomo ulikula katikati ya msimu, kuanzia Juni 12, na zaidi ya mechi 700 zikafutwa. Wakubwa wakaamua msimu ukatwe vipande viwili, bingwa wa kipande cha kwanza akutane na bingwa wa kipande cha pili. Cincinnati Reds walishinda mechi 66 na kufungwa 42, rekodi bora kuliko timu yoyote ya ligi mwaka ule. Walikuwa wa pili kwenye kila kipande. Hawakucheza mtoano.

Lakini jeraha lenyewe, lile ambalo mzee yeyote wa besiboli atakuonyesha kabla hujamuuliza, ni 1994.

Wenye timu walitaka kuweka ukomo wa jumla ya mishahara kwa kila timu. Wachezaji walikataa, na walikuwa na sababu ya kutowaamini: katikati ya miaka ya 1980 wenye timu walikula njama ya kutowasajili wachezaji huru, wasuluhishi wakathibitisha hivyo, na mwaka 1990 wakakubali kulipa fidia ya dola milioni 280. Safari hii wachezaji waliogopa kwamba wakiumaliza msimu kimya kimya, masharti yatawekwa kwa nguvu wakati wa baridi, wakiwa hawana cha kuzuia. Kwa hiyo Agosti 12 wakaondoka. Septemba 14 Bud Selig, kaimu kamishna, akatangaza kuwa hakutakuwa na World Series. Fainali ambayo vita viwili vya dunia havikuisimamisha ilikosekana kwa mara ya kwanza tangu 1904.

Tony Gwynn wa San Diego alikuwa na wastani wa kupiga wa .394, yaani karibu mapigo manne yenye mafanikio katika kila kumi. Katika ligi mbili zinazounda MLB hakuna aliyemaliza msimu juu ya .400 tangu Ted Williams mwaka 1941, na Gwynn alibakiwa na wiki kadhaa za kujaribu. Hakuzipata. Matt Williams alikuwa ameshapiga mipira 43 nje ya uwanja, akiifukuzia rekodi ya 61 kwa msimu. Na Montreal Expos walikuwa na ushindi 74 na vipigo 40, rekodi bora ya ligi nzima, wakiwa na kijana anayeitwa Pedro Martínez. Majira yaliyofuata kikosi kilisambaratishwa: Marquis Grissom, John Wetteland na Ken Hill wakapelekwa timu nyingine, Larry Walker akaondoka. Mwaka 2005 klabu yenyewe ilihamia Washington. Sisemi mgomo peke yake uliiua Montreal. Lakini mtu wa Montreal akisema hivyo, mimi sibishani naye.

Kuna mtu mmoja ambaye ugomvi huu ulimrudisha nyumbani. Michael Jordan alikuwa ameacha kikapu, akicheza besiboli kwenye ligi ndogo za Chicago White Sox. Machi 1995 wenye timu walikuwa wakiandaa wachezaji wa badala wavunje mgomo. Jordan hakutaka kuwa mmoja wao. Akaondoka kambini, na mwezi huo huo akarudi NBA. Mashabiki wa Chicago Bulls wana cha kushukuru hapo.

Mgomo ulikwisha baada ya siku 232, na haukumalizwa na maelewano. Wenye timu walikuwa wameshaanza kuweka masharti mapya wenyewe. Machi 31, 1995 jaji wa New York, Sonia Sotomayor, ambaye leo yupo Mahakama ya Juu, aliamuru masharti ya zamani yarudishwe. Wachezaji walirudi, viti havikujaa. New York watu waliingia uwanjani na kuwarushia wachezaji noti za dola moja moja.

Noti zile zilirushiwa wachezaji. Mwenye timu hayupo uwanjani, hana jezi na hana namba mgongoni. Mshahara wa mchezaji unaandikwa gazetini hadi dola ya mwisho, wakati vitabu vya hesabu vya klabu nyingi ni siri ya wenyewe. Atlanta Braves ni miongoni mwa chache ambazo mapato yake yanaonekana, kwa sababu hisa za kampuni inayoimiliki huuzwa sokoni. Kwa hiyo shabiki anayetaka kujua nani mlafi anapewa karatasi ya upande mmoja tu, kisha anaombwa atoe hukumu.

Hapo ndipo ule msemo wa kwamba ni mamilionea wanagombana na mabilionea unapopata wateja. Unachekesha, ila unaficha. Tofauti ya milioni na bilioni si ndogo, na si kila mchezaji ni Juan Soto mwenye mkataba wa dola milioni 765. Wengi hudumu ligi kuu misimu michache tu. Ili awe huru, mchezaji anahitaji miaka sita ya utumishi, na mwaka mmoja wa utumishi unahesabiwa kwa siku 172. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimwacha Kris Bryant ligi ndogo siku za mwanzo za msimu, wakisema ulinzi wake unahitaji kunolewa. Akamaliza mwaka akiwa na siku 171. Siku moja ile ilimchelewesha uhuru wake mwaka mzima. Alilalamika, na mwaka 2020 msuluhishi akaipa klabu ushindi. Chini zaidi kuna vijana wa ligi ndogo: hadi 2022 wale wa ngazi ya juu kabisa, hatua moja kutoka ligi kuu, kima chao cha chini kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka. Walipojiunga na chama, mkataba wao wa kwanza wa 2023 ulikipandisha hadi 35,800.

Na wauza karanga, walinzi wa geti, wenye maegesho? Wao hulipwa mechi kwa mechi. Mezani hawana kiti kabisa, na tovuti haiwageuzi vivuli kwa kuwa picha zao hazikuwahi kuwepo.

Lokauti ya 2021 ilifunguliwa Machi 10, 2022. Kima cha chini cha ligi kuu kilitoka dola 570,500 hadi 700,000, ukawekwa mfuko wa dola milioni 50 kwa vijana wanaong'ara kabla ya kufikia haki ya kudai nyongeza, na timu zinazoingia mtoano zikawa 12 badala ya 10. Kamishna Rob Manfred alikuwa amewaandikia mashabiki kwamba lokauti ile ni ya kujikinga, ya kuwasukuma watu mezani. Baada ya kuitangaza, ligi ilikaa wiki zipatazo sita kabla ya kupeleka pendekezo jipya kuhusu fedha.

Mkataba huo mwisho wake ni Desemba 1, 2026. Siku itakayofuata, ukisikia mtangazaji anasema wachezaji wamegoma, fungua tovuti ya ligi umtafute mchezaji yeyote. Ukikuta kivuli, mwambie aliyekaa karibu nawe nani amefunga geti.