Janga halifuti mkataba wa kazi
Tangu kisa cha kwanza cha korona kutangazwa Kenya, Machi 2020, wengi wameamini kwamba janga likiingia, bosi anaweza kukata mshahara au kumtuma mtu nyumbani bila malipo. Sivyo. Sheria ya Ajira ya 2007 haikusitishwa. Kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadilisha masharti, kisha amjulishe kwa maandishi. Ujumbe mmoja wa WhatsApp kwa kundi zima, usiku, si mashauriano. Inaniuma kwamba watu waliukubali hivyo. Biashara ikilemewa kweli, kifungu cha 40 kinaruhusu kupunguza wafanyakazi, ila kwa notisi ya mwezi mmoja, afisa wa leba akijulishwa, na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha kazini.