Kabla hujasema hedifoni ni mbovu

Juma lililopita kijana mmoja aliingia ofisini kwetu hapa Uganda, tunakopokea malalamiko ya wanunuzi, na hedseti ya gemu ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) nyeusi. "Mzee, maiki imekufa," akasema. Alikuwa ameshamlipa fundi shilingi 30,000 aifungue, na fundi alikuwa amekata waya mmoja ndani ya sikio la kushoto, kisha akauunga tena kwa utepe. Niliichomeka kwenye kompyuta, nikaushusha ule mkono wa maiki kutoka juu ya kichwa hadi usawa wa mdomo. Ukalia "tik". Nilipopuliza, mstari wa sauti kwenye skrini ukaruka.

Hedseti nyingi za gemu huzima maiki pale mkono wake unapoinuliwa. Zimeundwa hivyo makusudi, ili mchezaji akitaka kupiga chafya au kumjibu mama yake asimpasue masikio mwenzake aliye upande wa pili. Yule kijana alikuwa na kifaa kizima alipokwenda kwa fundi. Alipotoka ndipo kilipokuwa na hitilafu.

Malalamiko ya namna hii huongezeka kila likizo ya shule inapoanza. Sehemu kubwa ya tunayoletewa mezani si mabovu, na wachuuzi nao wanachoka kurudishiwa bidhaa nzima, mpaka wanawakataa hata wenye haki. Kwa hiyo ninaandika haya kama maelezo ya jumla. Si uamuzi juu ya kifaa chako wala cha duka lolote, na mipangilio hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Karatasi iliyokuja ndani ya boksi ndiyo yenye neno la mwisho, ndiyo ile ile watu huitupa kabla hawajafika kituo cha teksi.

Tuanze na kitufe. Hedifoni isiyo na waya mara nyingi ina kitufe kimoja chenye kazi nne au tano, na kinachozitenganisha ni muda wa kubonyeza. Bonyezo moja fupi husimamisha wimbo au hupokea simu. Mawili ya haraka huruka wimbo. Ukishikilia sekunde mbili au tatu inawaka au inazima, na ukiendelea kushikilia hata baada ya kuwaka, hadi sekunde tano au saba, taa huanza kupepesa bluu na nyekundu. Hapo ndipo iko tayari kuoanishwa na simu mpya. Watu wengi huachia kidole mapema. Inawaka, hawaioni kwenye simu, wanasema "haishiki". Shikilia. Usiwe na haraka ya kondakta. Kwenye vitufe vya sauti, vingi vikibonyezwa kidogo hupandisha au hushusha, vikishikiliwa hubadilisha wimbo, na ndiyo maana mtu aliyetaka kupunguza sauti kwenye mahubiri anajikuta kwenye muziki wa dansi.

Kifaa hiki pia kina kumbukumbu. Kinazikumbuka simu kadhaa kilizowahi kuoanishwa nazo, na kikiwaka huitafuta ile ya mwisho. Binti mmoja wa hosteli kule Wandegeya, Kampala, alituletea yake akiamini kwamba mtu anamwingilia kwa mtandao: kila jioni hedifoni yake ilianza kupiga nyimbo asizozijua. Zilikuwa nyimbo za mwenzake wa chumba, aliyeiazima siku moja. Dawa yake ni kwenda kwenye orodha ya Bluetooth ya ile simu nyingine na kuchagua kukisahau kifaa, kisha kuifuta kumbukumbu ya hedifoni yenyewe. Kwa vile vidogo vya kutumbukiza sikioni, mara nyingi unavirudisha vyote viwili kwenye kijisanduku chake, kifuniko kikiwa wazi, na kushikilia kitufe cha kijisanduku mpaka taa ibadilike. Njia hiyo hiyo huponya sikio moja lililonyamaza, isipokuwa pale kilichonyamazisha ni nta. Chukua tochi utazame ule wavu mdogo kabla ya kumlaumu mtu. Nimeshasafisha nta nyingi katika kazi hii kuliko daktari.

Sasa nifike kwenye lalamiko linalotuletea kelele kuliko yote: "Muziki ni mzuri, nikiingia kwenye gemu na kuwasha maiki sauti inakuwa kama ya redio ya zamani, kwa hiyo nimeuziwa feki." Hapana. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kupitisha sauti. Ya kwanza ni ya kusikiliza tu: sauti inakwenda upande mmoja, pana, masikio yote mawili. Ya pili ni ya mazungumzo ya simu: inakwenda na kurudi, na ili nafasi itoshe inabanwa na kuwa ya mkondo mmoja. Maiki ikifunguka, kifaa kinahama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili, na muziki unashuka nacho. Hata hedifoni ya bei kubwa hufanya hivyo, isipokuwa yenyewe na simu au kompyuta yako ziwe zote zinatumia mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth unaoitwa LE Audio. Ukitaka kucheza na kuongea bila kupoteza sauti, tumia waya, au hedseti inayokuja na kijiti chake cha USB. Kijiti hicho kinatumia mawimbi yale yale ya gigahezi 2.4 lakini kwa utaratibu wake chenyewe, na hata kuchelewa kwa sauti kunapungua. Kwa Bluetooth ya kawaida, risasi unaiona kwanza, mlio unafuata baadaye kidogo. Kwenye filamu programu hurekebisha. Kwenye gemu haiwezi, kwa sababu hakuna anayejua utafyatua lini.

Wenye vibanda vya gemu nawaomba wasome hapa mara mbili. PlayStation 5 haipokei hedifoni ya Bluetooth moja kwa moja, na Xbox vivyo hivyo. Ukinunua kumi za Bluetooth kwa ajili ya kibanda chako, zote kumi zitakataa, na hakuna hata moja iliyo mbovu. Tumia tundu la waya lililo kwenye kidhibiti cha mkononi. Na kama kompyuta yako ina matundu mawili, la kijani na la waridi, hedseti yenye pini moja iliyogawanywa sehemu nne inahitaji kigawanyi, la sivyo utasikia bila kusikika. Kuhusu maandishi ya "7.1" kwenye boksi, yanayodai sauti ya spika nane: fungua utazame. Mara nyingi kuna spika mbili tu, moja kila sikio, na zilizobaki ni hesabu za programu.

Kizuia kelele kinastahili aya yake, kwa sababu hapa kosa linaweza kumtoa mtu roho. Maiki ndogo za nje husikiliza mngurumo, kisha kifaa hutengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawili hayo yanauana. Hufanya kazi vizuri sana kwa sauti nzito za mfululizo, kama injini ya basi au jenereta. Kwa sauti za ghafla, na za watu, hufanya kidogo. Sasa mweke mwendesha boda kwenye barabara ya Jinja akiwa na kifaa hicho sikioni: mngurumo wa lori linalomjia nyuma ndio hasa unaofutwa. Wengine hunijibu kwamba wao huwasha ile hali ya kupitisha sauti za nje. Hali hiyo ni ya kumsikia mwenye duka akikutajia bei. Vua, weka mfukoni, endesha.

Tena kizuia kelele hakilindi sikio dhidi ya sauti unayoipandisha mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango cha mtu mzima, na desibeli 75 kwa watoto kwa muda huo huo. Kila inapopanda desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 90 unabaki na saa 4 kwa wiki, kwa 100 ni dakika 20 tu, tena za wiki nzima, si za siku. Faida ya kizuia kelele ni kwamba ndani ya teksi huhitaji kupandisha sauti ili uishinde injini. Ukikiwasha na bado ukapandisha mpaka mwisho, umelipia bure.

Mionzi: kifaa cha Bluetooth cha daraja la pili kwa nguvu ya mawimbi hakizidi milliwati 2.5, na simu ya 4G iliyo shavuni huweza kufika milliwati 200. Anayeogopa cha kwanza huku amelala na cha pili chini ya mto hajanieleza bado hesabu zake. Chaja kubwa nayo haiui betri kwa ukubwa wake, kwa kuwa kifaa huvuta kiasi kinachohitaji. Chaja isiyo na kinga ndani, ile nyepesi kama boksi tupu, hiyo iogope hata kwa simu.

Kuna mabovu ya kweli pia: betri iliyovimba, kijisanduku kinachochemka mkononi, maandishi ya IPX4 kwenye kitu kilichokufa kwa jasho. IPX4 maana yake kinastahimili maji ya kurushiwa kutoka pande zote, si kuzamishwa. Kwa hayo, sheria iko upande wako, ila ina mpangilio.

Kwanza, kabla bidhaa haijafika dukani, mwagizaji ana wajibu wake. Vifaa vya umeme na elektroniki vinaingia katika mpango wa Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijasafirishwa, na mzigo unatakiwa ufike na cheti cha kuthibitisha ubora. Kwa vifaa vya mawasiliano, Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 imeipa Tume ya Mawasiliano, UCC, kazi ya kuidhinisha aina zake. Wewe mnunuzi hutakiwi kuomba kibali chochote. Nasema hivi kwa sababu kila mwezi anafika mtu na nakala tatu za kitambulisho akitaka "kusajili hedifoni". Hakuna usajili wa hedifoni.

Pili, yale maandishi kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi hayafuti haki za mnunuzi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa iwe ya ubora unaoridhisha na iifae kazi yake. Lakini kasoro uliyoonyeshwa kabla ya kulipa, au ambayo ungeiona kwa ukaguzi ulioufanya, huwezi kuja kuidai baadaye. Kwa hiyo ijaribu pale pale kaunta: ioanishe na simu yako, piga simu moja ili usikie maiki, sikiliza kushoto na kulia. Dakika tano. Ukigundua kasoro nyumbani, rudi mapema. Miezi minne si mapema.

Tatu, muuzaji akikataa, mwandikie barua ya madai yenye tarehe, jina la bidhaa, kiasi na unachotaka, ubaki na nakala iliyosainiwa. Mpe siku 14. Akinyamaza, utaratibu wa madai madogo chini ya kanuni za mwaka 2011 unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 katika mahakama za mahakimu zilizopangiwa kazi hiyo. Unajaza fomu, unaambatanisha risiti na ile barua, na unajieleza mwenyewe, maana mawakili hawasimami kwa niaba ya upande wowote. Asiye na risiti tunamsikiliza, ila asitarajie mengi.

Na unapotuletea kifaa, kilete chote: masikio yote mawili, kijisanduku, waya wa kuchajia, na boksi kama bado lipo. Kipokea sauti kimoja ndani ya bahasha hakipimiki. Kama fundi ameshakifungua, tuambie mapema, tusije tukapoteza asubuhi nzima tukimlaumu mtengenezaji kwa waya uliofungwa na utepe.