Misalaba ya shaba ya Katanga si ya kanisa

Lubumbashi kuna nyumba za zamani ambazo sebuleni ukutani bado unauona: msalaba wa shaba wenye mikono minne karibu sawa. Wageni huupenda kuliko kitu kingine chochote, na wengi huamini kwamba uliletwa na wamisionari. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Umbo lenyewe linawaelekeza huko.

Wamisionari wa kwanza walifika Bunkeya, huku huku Katanga, mwaka 1886. Misalaba hii ilikuwa imetangulia kwa mamia ya miaka. Huko Sanga, katika bonde la Upemba, wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta makaburini, mingine imewekwa kifuani mwa marehemu. Wafuaji waliyeyusha malakiti, yale mawe ya kijani, wakamimina shaba kwenye kalibu, na vipande hivyo vikatumika kama fedha na mali ya kuolea. Kadiri karne zilivyopita vilizidi kuwa vidogo, jambo la kawaida kwa kitu kinachohesabiwa kila siku.

Ukitaka kuhakikisha, angalia mikono: msalaba wa kanisa kwa kawaida una mguu mrefu, huu unafanana zaidi na X. Kisha, kama uko makumbusho, soma kibao cha maelezo: kimetaja ulikopatikana, au umri tu? Mahali ulipochimbwa ndipo penye ushahidi. (Ya kuuzia watalii ni mingi pia.)

Na mjakaranda wa bustanini, unaodhaniwa kuwa wa hapa hapa? Huo ndio mgeni: asili yake Amerika ya Kusini.