Je, wajua kwa nini kokwa ya embe tamu haiaminiki?

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka mwembe uani kwake ana njia mbili: kufukia kokwa ya embe lililomkonga moyo, au kununua mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kijiti cha mwembe mwingine, kwa wauza miche wa kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kokwa ni ya bure, lakini haina dhamana. Maua ya mwembe huchavushwa na nzi na wadudu wengine, ambao hawajali wametoka kwenye mti gani. Kwa hiyo embe dodo lililokupendeza huenda limebeba mbegu ya baba usiyemjua, na mti utakaoota ukazaa maembe madogo yenye nyuzi tele.

Mara chache sana mchanganyiko huo huleta neema. Mwaka 1902, Kapteni John Haden alipanda huko Florida, Marekani, kokwa za Mulgoba, embe lenye asili ya India. Alifariki kabla miti haijazaa, na mwaka 1910 mmoja wao ukatoa embe jekundu la kuvutia, ambalo hadi leo linaitwa Haden. Mwenye kiwanja kidogo cha Mbagala, hata hivyo, hawezi kuijengea bahati ya namna hiyo matumaini.

Ndiyo maana watu hubebesha. Fundi huotesha kokwa ya embe la kienyeji kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche, na mche ukifikia unene wa penseli huukata kichwa na kulipasua shina katikati. Kisha huchukua kikonyo, yaani kijiti cha tawi, cha mwembe unaojulikana kwa uzazi wake, hukichonga ncha pande mbili kwa wembe, hukichomeka kwenye mpasuko na kukaza kwa utepe wa nailoni. Siri yote iko kwenye tabaka jembamba lililo chini ya gome: la kikonyo na la shina yasipogusana, kikonyo hukauka. Yakigusana, huungana, na kwa kuwa kikonyo kimetoka kwenye mti uliokomaa, mche huweza kuanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne hivi.

Kinachosahaulika ni machipukizi yanayotokea chini ya kiungo. Hayo ni ya mwembe wa kienyeji, na yasipokatwa mapema huweza kukizidi nguvu kikonyo, kisha mwenye mti akalalamika kwamba aliuziwa mche wa uongo.