Blenda ikiharibika, mshahara wa dada wa kazi haukatwi kimyakimya

Malalamiko ya mishahara ya wafanyakazi wa nyumbani yameongezeka kwenye meza zetu za upatanishi, na mengi huanzia kwenye kitu kilichoharibika: blenda, pasi, shati lililoungua. Mwajiri anafika na hesabu yake: "Nilimkata, tukamalizana." Hamjamalizana.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinaruhusu makato ya fidia, ila kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Umweleze kwa maandishi chanzo, kiasi na ulivyokokotoa, umpe nafasi ya kupinga, naye aridhie kwa maandishi. Deni lisizidi hasara halisi. Blenda iliyosaga miaka minne haidaiwi kwa bei ya dukani. Tena makato yasivuke robo ya ujira wa fedha: anayelipwa 120,000 hakatwi zaidi ya 30,000.

Wapo waajiri wanaosema wanamtunzia dada fedha zake asizitapanye, au wanamtumia mjomba aliyemleta mjini. Nia tunaielewa. Ila mshahara ni wake, apewe mkononi au kwenye akaunti aliyoitaja mwenyewe.

Kauli tuliyokwisha kuichoka ni hii: "Hatuna mkataba, atanishtaki kwa lipi?" Mambo ni kinyume kabisa. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri, si dada, kuandika masharti ya kazi. Usipoleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wako. Hata daftari la dukani lenye majukumu, saa za kazi, mshahara na saini za wote wawili lingekusaidia.

Kwa mfanyakazi: dai la kuachishwa kazi lifikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30; madai mengine, makato yakiwemo, ndani ya siku 60. Jaza Fomu Na. 1, mpe mwajiri nakala, kisha wasilisha pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Upatanishi una siku 30; ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi. Mwajiri asipotokea, mpatanishi anaweza kuliamua bila yeye.

Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, hata wazazi wakiridhia. Hilo halipatanishwi; ni jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo cha mwaka 1, au vyote viwili.